Pungufu kwa Funda Moja

Kazini walimwita Bi Hakiki, na jina lilimkaa kama kiatu cha kupimwa. Chenji ya dukani aliihesabu mara tatu, mara ya tatu akiwa ameshafika nyumbani. Mlango akishaufunga aliusukuma, akaondoka, akarudi kuusukuma tena. Mumewe, mshona mapazia mwenye subira ya punda, alishazoea kuulizwa alikuwa wapi hata siku alizoshinda sebuleni na cherehani yake. Tusimwonee lakini. Hakuwa mtu mbaya. Aliona tu kwamba dunia imejaa watu wanaosema "nimeshafanya" kabla hawajafanya, na kwa bahati yake akapata kazi inayomtaka mtu wa namna hiyo hiyo.

Kazi yenyewe ilikuwa kupiga picha maji ya bahari. Kwenye chumba cha mwisho cha maabara, juu ya ngazi za chuma zilizoanza kuliwa na kutu, ilikuwepo mashine ya ukubwa wa sanduku la nguo. Maji yaliingia kwa mpira mwembamba, yakapita kati ya vioo viwili vilivyokaribiana mno, na kamera ikapiga picha kila kilichopita hapo, hata kama ni kidogo kuliko vumbi. Funda moja la maji liliweza kutoa picha elfu mbili. Ndipo ungejua kuwa maji uliyodhani matupu yana wenyewe: kuna vilivyoshikana mikono kama mkufu, kuna vya duara, kuna vyenye meno upande mmoja, kuna vyenye pembe. Kompyuta ilivipanga kwa makundi na kukosea sana, kisha Bi Hakiki akakaa kuisahihisha, picha kwa picha, mpaka shingo ikakauka. Majina yao ya kitabuni yaliuvunja ulimi, kwa hiyo pale maabara waliviita mkufu, sahani, kitana na mwiba.

Mwiba ndiye aliyewaweka mjini. Huyu akizidi baharini, chaza na kome humla wasidhurike, ila mtu akiwala wao midomo hufa ganzi, na akikosa bahati, pumzi nazo humkatika. Basi kila Jumanne mashua ilikwenda kuchota maji katika vituo vitano. Kituo cha kwanza kilikuwa hapo hapo mdomoni mwa gati, cha tano kilikuwa mwendo wa saa nzima, kwenye kina, maana mwiba huanza kuongezeka huko mbali kabla hajasogea pwani. Jumatano Bi Hakiki aliyapiga picha yale maji. Alhamisi Mkuu wa maabara, mama mmoja mfupi asiyepoteza maneno, aliamua kama wavunaji wa chaza waendelee au wapumzike.

Na mashua iliendeshwa na mjomba wake, ndugu wa mama yake tumbo moja. Baba yake alipofariki, huyo ndiye aliyembeba kwa baiskeli kwenda shule, miaka sita, mvua na jua. Ndiye pia aliyemwambia Mkuu, miaka kumi na moja iliyopita, kwamba anaye mpwa asiyepitwa na kitu, mjaribuni. Kila mtu pale kazini alimwita Mjomba, hata Mkuu. Mwenzake wa mashuani alipohamishwa, Mjomba alibaki akienda peke yake, akisema bahari haimwogopeshi, kinachomwogopesha ni vikao.

Siku mambo yalipoanza ilikuwa Jumatano ya kawaida. Bi Hakiki alikuwa kwenye picha za kituo cha tano, chai imeshapoa pembeni, akaona kitana. Akapita. Akarudi nyuma. Kitana tena, na mwingine, na mwingine.

Kitana si mtu wa safari. Huishi kwenye utelezi wa nguzo za gati, ameng'ang'ania mti kama mpangaji asiyetaka kuhama. Kumkuta kituo cha tano, kwenye maji yanayopita mita mia za kina, ni sawa na kukuta kuku juu ya mnara wa simu. Mmoja ungesema kasombwa na mkondo. Bi Hakiki alihesabu arobaini na mmoja.

Alifungua picha za wiki iliyopita: kitana wapo. Wiki ya kabla yake: wapo. Wiki tano mfululizo, ukihesabu na hii, zote zilikuwa nao. Wiki ya sita hakukuwa na hata mmoja, bahari ya kina ilikuwa kama inavyotakiwa kuwa, mikufu michache na sahani mbili tatu. Maji ya gati hayatembei yenyewe hadi kituo cha tano. Yanayoweza kutembea ni maandishi kwenye chupa. Mtu akichota chupa zote tano hapo gatini, akaziandika moja mpaka tano, kisha akaenda zake kulala nyuma ya ukuta wa kuzuia mawimbi, picha zake zingekuwa hizi hizi.

Na wa kufanya hivyo alikuwa mmoja tu.

Hakumwambia mtu. Alianza kuchunguza, na mtu mwenye wasiwasi akianza kuchunguza hakosi kitu. Jumatano iliyofuata alizipanga zile chupa tano dirishani, akainama mpaka macho yake yakawa sawa na mabega ya chupa. Zote zilikuwa pungufu. Si sana, ni kama funda moja kutoka kila chupa. Chupa hutakiwa ijae mpaka shingoni, ndivyo ilivyoandikwa kwenye utaratibu uliobandikwa mlangoni. Kwa nini ipungue, na kwa kiasi kile kile? Alijiambia kwamba mtu amefungua, amemimina, amechanganya. Alijaribu kukumbuka kama chupa zilikuwa hivyo tangu zamani, akashindwa, kwa sababu zamani hakuwa ameziangalia.

Halafu likaja daftari la mashua. Kila kituo, Mjomba alitakiwa asome namba za mahali alipo kwenye kioo cha chombo cha mashuani na kuziandika. Bahari haina msumari wa kutundikia mashua. Leo utasimama hapa, wiki ijayo hatua hamsini upande wa pili, kwa hiyo namba za mwisho lazima zicheze. Za Mjomba hazikucheza. Wiki kumi na mbili, kituo kwa kituo, namba zilikuwa zile zile hadi ya mwisho, kwa mwandiko mkubwa kama wa bango.

"Dalili ya mvua ni mawingu," Bi Hakiki alijisemea, akalifunga daftari taratibu kama mtu anayefunika maiti.

Jumanne moja alishuka gatini mwenyewe, akajifanya anakagua mipira ya maji. Mjomba alikuwa akipakia chupa, amevaa miwani ya jua ingawa mawingu yalikuwa mazito. Akamsalimia shikamoo, akaitikiwa marahaba mama, bila Mjomba kugeuza uso. Alimuuliza, kwa sauti aliyodhani ni ya kawaida, kama kituo cha tano siku hizi kuna mawimbi. Mjomba akajibu kwamba bahari ni ile ile, watu ndio wanaobadilika. Kisha Bi Hakiki akamnyooshea daftari, akamwomba amwonyeshe alipoandika wiki iliyopita. Mjomba hata hakulitazama. Alisema amechelewa, akavuta kamba, akawasha injini. Mashua ilipinda nyuma ya ukuta wa mawimbi, ikapotea. Bi Hakiki alisimama pale dakika ishirini akisubiri kuiona ikitokeza upande wa pili kuelekea kina, ukungu ukawa mwingi, akarudi kazini na jibu alilokuja nalo.

Jumapili alikwenda kwa mama yake. Hakusema kitu moja kwa moja, alizunguka mbuyu. Mama yake alikuwa akikunja nguo, akalalamika mwenyewe bila kuulizwa: kaka yake siku hizi haeleweki. Haji kutembea jioni. Ukimpa picha za wajukuu anazitazama upesi upesi na kuzirudisha, anasema wamekua, hata siku ile aliyopewa picha ya harusi. Ana jambo, mama akasema. Mtu akiacha kukutazama usoni ana jambo.

Bi Hakiki alikunja shuka moja mara nne na kuikunjua. Kikulacho ki nguoni mwako, aliwaza, na nguo ya karibu kuliko mjomba ni ipi? Alimpenda yule mzee. Hilo lisemwe wazi, alimpenda kuliko alivyompenda marehemu baba yake, ambaye hata sura yake aliikumbuka kwa picha tu. Lakini alikuwa akimwona mwanamke fulani asiyemjua, mbele ya sahani ya chaza, akijishika midomo iliyoanza kufa ganzi. Mwiba akija kutoka kina, na maji ya kina hayachotwi, nani atajua? Akimficha Mjomba, atakuwa amemlisha yule mwanamke kwa mkono wake mwenyewe.

Jumatatu asubuhi alipanda kwa Mkuu na picha za kitana arobaini na mmoja, nakala za daftari na maelezo ya chupa. Alisema yote kwa sauti moja, kama anasoma tangazo. Mkuu alizitazama picha kwa muda mrefu. Aliuliza swali moja, kama mashine iko sawa. Bi Hakiki akasema iko sawa, yeye mwenyewe ndiye aliyeifanyia matengenezo, hakuruhusu mtu mwingine kuigusa. Mkuu akatikisa kichwa kukubali. Kwa mtu mwingine angeuliza la pili.

Mjomba aliitwa saa nne. Aliingia ameshika kofia, akaketi kwenye kiti alichokipapasa kwanza, na miwani yake ya jua usoni. Mkuu alimweleza kwa heshima kilicholetwa, bila kusema na nani, ingawa mletaji alikuwa amekaa pale pale akitazama vidole vyake. Mjomba alisikiliza. Alipoulizwa kuhusu namba alisema aliandika namba za vituo, si ndizo? Alipoulizwa kuhusu chupa kupungua aliizungusha kofia mapajani. Mkuu akapendekeza jambo jepesi: kesho yeye na Mjomba watoke, Mjomba amwonyeshe kituo cha tano, wazisome namba pamoja kwenye kile chombo, mambo yaishe.

Hapo Mjomba akageuza uso upande wa mpwa wake.

"Wewe unaamini nimeyachota gatini?"

"Picha zinaonyesha hivyo, Mjomba."

"Sijaziuliza picha. Nimekuuliza wewe."

Bi Hakiki alikuwa na neno moja tu kinywani, na lilikuwa lile lile alilopanda nalo ngazi. "Naamini," akasema.

Mjomba alitoa funguo za mashua mfukoni, akaziweka mezani. Meza ilikuwa karibu kuliko alivyodhani, zikagonga kwa kishindo. Alisimama, akatoka akishika ukuta wa korido. Kwa macho ya Bi Hakiki mambo yalikuwa yamekamilika, maana asiye na hatia huapa, hupiga meza, humtaja Mungu. Aliyewekewa njia rahisi ya kujisafisha akaikataa, utake ushahidi gani zaidi? Jioni ile mama yake alipiga simu. Alisema maneno machache tu, kwamba amesikia, na kwamba asije Jumapili.

Baada ya wiki moja aliletwa nahodha mpya, jamaa mrefu mwenye mluzi, aliyeandika namba zake zikacheza ipasavyo na kuleta chupa zimejaa pomoni. Kabla maji yake hayajapigwa picha, Mkuu akatoa agizo: kwa kuwa wanaanza kumbukumbu upya, lifanyike kwanza jaribio la maji matupu.

Jaribio hili ni kazi ya uvivu na kila mtu huichukia. Kati ya chupa na chupa, mashine huoshwa ili ya kwanza isiichafue ya pili. Haioshwi kwa maji ya bomba, maana maji yasiyo na chumvi huvipasua vile viumbe vinavyofuata. Huoshwa kwa maji ya bahari yaliyochujwa, yanayovutwa kwa mpira kutoka pale pale gatini na kupitishwa kwenye chujio lenye matundu madogo kuliko kiumbe chochote. Sasa, ili kujua kama chujio linafanya kazi, huwa unayapiga picha yale maji ya kuoshea peke yake, nusu saa nzima, na ukipata picha tupu unaendelea. Utaratibu wa mlangoni unasema lifanywe kila wiki. Bi Hakiki hakuwa amelifanya kwa muda. Alipobadilisha chujio alilibadilisha mwenyewe, kwa mikono yake, baada ya kumfukuza fundi wa mabomba aliyekuja na vidole vyenye grisi. Kazi aliyoifanya mwenyewe, aihakiki ya nini?

Alibonyeza. Picha ya kwanza ilitoka tupu, ya pili tupu. Ya tatu ilikuwa na meno upande mmoja.

Alidhani macho yamechoka. Alisubiri. Kitana wakaja kwa wawili wawili, kwa watatu watatu, safi, wazima, na utelezi wao wa nguzo za gati, kwenye maji yaliyotakiwa yasiwe na mtu. Bi Hakiki alizima mashine. Bisibisi ilimwanguka mara mbili kabla hajakifungua kikombe cha chujio. Chujio lilikuwa zima. Lakini pale linapokaa lazima pawe na mpira mweusi wa duara, mdogo kama pete, unaoziba ukingo ili maji yasipite kando. Pete haikuwepo. Maji ya gati yalikuwa yakilizunguka chujio kama watu wanavyozunguka foleni.

Alijua ilipo. Alivuta droo ya tatu, na ndani ya bahasha ya lile chujio jipya pete ilikuwa imelala, haijaguswa. Juu ya bahasha, kwa mwandiko wake mwenyewe, alikuwa ameandika tarehe aliyobadilisha chujio, na chini yake neno moja: Limehakikiwa. Kutoka tarehe ile mpaka siku aliyopanda kwa Mkuu ilikuwa wiki saba. Kutoka ile hadi kitana wa kwanza ilikuwa siku moja.

Maji ya gati yaliyobaki kwenye mpira baada ya kuosha yalichanganyika na maji ya kila chupa iliyofuata, zote tano. Kituo cha kwanza na cha pili hayakuonekana, kitana huko wapo siku zote. Kituo cha tano, ambako maji ni maskini, waliokuja wachache wakaonekana jeshi. Nyani haoni kundule, wahenga walishasema, na huyu wetu alikuwa na kamera.

Aliiweka pete mahali pake. Akapiga tena maji matupu, yakawa matupu. Akapiga chupa ya kituo cha tano ya yule mwenye mluzi, hakukuwa na kitana hata wa dawa. Mkuu alipita mchana, akatazama kwenye kioo cha kompyuta, akamgusa bega. Alisema ameona sasa? Nahodha kabadilika na bahari imerudi mahali pake. Kisha akashuka zake.

Hapo, msomaji, ndipo ulipo mtego. Bi Hakiki akinyamaza, kila chupa safi itakayokuja kuanzia leo itakuwa shahidi dhidi ya mjomba wake. Hakuna atakayejua. Bahasha ni moja na kiberiti kipo. Alikaa nayo siku mbili mfukoni mwa koti lake la kazi, akiipapasa. Na aibu ile, licha ya ukali wake, haikuua kabisa ule mdudu wa zamani. Pete inaeleza kitana, sawa. Namba zisizocheza zinaelezwa na nini? Na lile funda moja lilikwenda wapi?

Jumamosi alikwenda kwa Mjomba. Ndani ya mkoba alibeba ile bahasha, na kabla hajatoka maabara alifungua jokofu akachukua vichupa viwili visivyo na maandishi. Kimoja kilikuwa na maji ya gatini, kingine ya kituo cha tano. Alijiambia hajui anavichukulia nini.

Mjomba alikuwa ameketi kwenye ngazi ya mlango wake akichambua misumari na skrubu kutoka kwenye bati moja, kwa vidole, uso ukiwa umeelekea barabarani. Alimtambua kwa hatua kabla hajasalimia. Akaitikia marahaba, akamsogezea kigoda kwa mguu. Bi Hakiki hakuzunguka safari hii. Alimwekea pete mkononi, akamweleza yote, chujio, droo, bahasha, neno aliloliandika juu yake. Alisema amemkosea, akalia, na kilio chake kilikuwa cha mtu asiyezoea, kilichojaa kwikwi kama injini isiyotaka kuwaka. Mjomba aliizungusha ile pete kidoleni. 

"Kidude kama hiki," akasema mwishowe.

Bi Hakiki alijifuta, akatulia kidogo, kisha akauliza kuhusu namba. Hakuweza kujizuia. Mjomba akavua miwani. Kwenye jicho la kulia weupe ulikuwa umetanda wote, la kushoto ulikuwa umefika katikati. Mtoto wa jicho, alisema, mwaka wa pili sasa. Mbali anaona vivuli, mnara na kilima, vinamtosha kujua njia. Karibu haoni kitu, kioo cha kile chombo kwake ni taa tu, picha za wajukuu ni karatasi. Namba za vituo alizijua kwa moyo, ndizo alizoandika. Angemwambia nani? Siku ambayo wangejua angeshushwa mashuani, na mashuani ndipo mahali pekee alipokuwa bado mtu kamili.

"Ulijuaje basi kama umefika?"

"Kamba ina mafundo. Ikishuka mafundo mia na nne haijagusa chini, nipo. Halafu namimina kidogo kiganjani, naonja. Maji ya kina hayafanani na maji mengine."

Kila chupa, alieleza, alionja kabla ya kufunga, asije akamletea mpwa wake maji ya uongo.

Hapo ndipo Bi Hakiki angepaswa kusimama, akambusu mkono, akaenda zake. Lakini mkono wake ulishaingia mkobani. Alitoa vile vichupa viwili, akamwekea kimoja kiganjani, akasema onja hiki, Mjomba. Mjomba alionja, akatema pembeni. Ya gatini, alisema, yana kutu na mafuta ya injini. Akapewa cha pili. Alikaa nacho ulimini kidogo, na uso wake ukafunguka kama wa mtu aliyesikia sauti ya rafiki dirishani. Ya Tano, alisema, na yamechotwa mapema, kabla jua halijapata nguvu. Ilikuwa kweli.

Kisha uso ule ukafungika. Alikuwa ameelewa kwamba vichupa havitokei mkobani kwa bahati. Alivifunika vizuri, kwa kupapasa, akavirudisha.

"Ulikuja kuniomba radhi au kunipima?"

Bi Hakiki alivipokea. "Vyote viwili."

"Basi andika kwenye bahasha," Mjomba akasema. "Amehakikiwa."

Hakusema kwa hasira, na hasira ingekuwa afadhali. Akarudi kwenye misumari yake. Bi Hakiki alipoinuka aliambiwa jambo moja tu, kwamba akiandika kwa Mkuu aandike na macho pia, asiache kitu, maana amechoka kuficha.

Jumatatu aliandika kurasa mbili. Alianza na jina lake, akamaliza na jina lake, na bahasha akaibana nyuma kwa klipu. Mkuu alizisoma amesimama. Alimwondoa kwenye matengenezo ya mashine kwa miezi mitatu, akabandika karatasi mpya mlangoni kwamba chujio litafungwa na watu wawili, kisha akaenda mwenyewe nyumbani kwa Mjomba kumwomba radhi. Alimwambia atibiwe macho na mashua inamngoja. Mjomba alikubali kutibiwa. Macho yote mawili yalisafishwa, na mama anasema siku hizi anasoma hata maandishi ya nyuma ya kiberiti, tena kwa sauti, na picha ya harusi ameiomba tena akaitazama mchana kutwa.

Mashuani hakurudi. Alimwambia Mkuu ni umri. Mama yake Bi Hakiki, ambaye sasa anampokea tena Jumapili lakini hampi nguo za kukunja, alimwambia alichoambiwa yeye: kwamba kazi ya bahari kaka yake anaiweza, ila hataki tena kumchotea maji mtu aliyehitaji kumwonjesha.

Mwenye mluzi anafanya kazi vizuri. Namba zake zinacheza, maji yake ni safi, na mwaka ule mwiba alipokuja kutoka kina walimwona mapema, wavunaji wakapumzika wiki tatu, hakuna aliyekufa ganzi midomo. Chupa zake huja zimejaa mpaka shingoni. Kila Jumatano asubuhi, kabla hajawasha mashine, Bi Hakiki huinua ile ya kituo cha tano kwenye mwanga wa dirisha, akainama mpaka macho yake yawe sawa na mabega ya chupa, akatafuta lile funda moja linalopungua. Halafu huishusha, akafungua kifuniko, akaanza kazi.